Mkate wa Mlinda Mlango

Wavuvi wa ndagala katika mwambao wetu wa Kabonga hawaendi ziwani siku za mwezi mpevu. Samaki hao, ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwashwa juu ya mtumbwi, samaki huufuata mwanga na kukusanyika chini yake, na hapo wavu hushushwa. Mwezi unapojaa, Ziwa Tanganyika zima huwa na mwanga, na taa ya mvuvi haina tena la kuwaambia samaki. Basi mitumbwi huvutwa ufukoni, nyavu hushonwa, na vijana hupumzika.

Tunaanza na habari hii ya uvuvi, ingawa makala yetu ni ya kandanda, kwa sababu mashindano yetu ya kandanda yalipangwa kwa kufuata kalenda hiyo hiyo ya mwezi. Wachezaji wetu karibu wote walikuwa wavuvi. Usiku wa giza walikuwa ziwani na mchana walilala. Mbalamwezi ilipotoka, ndipo walipopatikana uwanjani. Sisi walimu, pamoja na wapenzi wengine wa timu, tuliuona mpango huo kuwa wa busara sana. Jambo moja tu hatukulifikiri, nalo ndilo asili ya maandishi haya. Juma la mbalamwezi lilikuwa juma la mpira, lakini lilikuwa pia juma la njaa. Mvuvi asiyekwenda ziwani hana mgawo, na asiye na mgawo hana cha kupika.

Ilikuwa mwaka 2014. Msomaji anayefuata mambo ya kandanda atakumbuka kwamba katika mwaka huo Azam ya Dar es Salaam ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara kwa mara ya kwanza, tena bila kupoteza mchezo hata mmoja. Huku kwetu mpakani, ambako redio za Tanzania husikika kama za nyumbani, watu wamegawanyika tangu zamani katika Simba na Yanga, na ubingwa huo uliwakera wote kwa pamoja. Walikereka zaidi pale Didier Kavumbagu, mshambuliaji wa taifa letu la Burundi, alipohama Yanga na kujiunga na Azam mwaka huo huo. Tulisikia wazee wazima wakisema kwa uchungu, “Kijana wetu amekwenda kuuza unga.”

Neno hilo halikuwa la bure. Azam ni jina la bidhaa za kampuni ya Bakhresa: unga wa ngano, maji ya matunda, na yale mabarafu matamu ambayo watoto wa Dar es Salaam huyaita lambalamba. Kila mchezaji aliyevaa jezi ya timu ile alikuwa, apende asipende, tangazo la chakula litembealo. Wapinzani wakawabandika jina la Wana Lambalamba, wakidhani wamewatukana. Lakini wapenzi wa Azam walilipokea jina hilo, wakalivaa, na leo hulitamka wenyewe kwa majivuno. Dhihaka ikipokelewa kwa kicheko huisha nguvu. Laiti tungalijifunza somo hilo mapema!

Tena sisi wa Burundi tulikuwa na haki ndogo sana ya kucheka. Klabu yetu mashuhuri kuliko zote ni Vital'O ya Bujumbura, ile iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992 na kushindwa na Africa Sports ya Abidjan. Tuliimba jina hilo hadi sauti zikakauka. Jina hilo hilo limeandikwa kwenye chupa za soda inayonywewa kwa majirani zetu wa Kongo. Ligi yetu kuu nayo imepata kuitwa kwa jina la Primus, bia ya kiwanda cha Brarudi. Na huko Lubumbashi, timu tuijuayo leo kwa jina la TP Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert, na Englebert ni jina la matairi ya magari. Kwa hiyo biashara haikuingia uwanjani jana. Imekuwamo siku zote, ila sisi tumezoea kuiona iliyo kifuani mwa jirani.

Basi katika kiangazi cha mwaka huo, mwoka mikate mmoja wa hapa kwetu, mtu mwungwana ambaye hatutamtaja, alitujia na shauri. Alikuwa amesikia habari za Azam, akaona naye afanye kwa kadiri ya uwezo wake. Angeipa timu jezi mpya, zenye picha ya mkate mgongoni. Pia alitaka mlinda mlango wetu, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa kipenzi cha watoto, achorwe kwenye ukuta wa kibanda chake akiwa ameudaka mkate mikononi kama adakavyo mpira. Tulizipokea jezi kwa shukrani. Habari ya picha tuliichukulia kuwa ni jambo la kati yao wawili.

Mchoraji wa mabango akaja, akachora. Picha haikuwa mbaya. Masikio yalikuwa makubwa kidogo kuliko ya mwenyewe, lakini tabasamu lilikuwa lake hasa. Kibanda kilikuwa kando ya njia iendayo sokoni, na kwa siku kadhaa watoto wa shule walichelewa darasani kwa kusimama kuitazama. Sisi tuliwaadhibu kwa kuchelewa, kisha jioni tukaenda wenyewe kuitazama.

Maneno yakaanza taratibu. Mmoja alisema kwamba mchezaji si mali ya mtu mmoja hata afanywe kibao cha duka. Mwingine aliuliza ni kiasi gani kijana yule amelipwa, na kwa nini timu haikupata fungu lake. Wa tatu, mpenzi wa siku nyingi ambaye hakuwahi kukosa mchezo, alisema kwa huzuni ya kweli, “Mimi nilimpenda akiwa wa wote. Sasa nikimtazama naona mkate.” Hatukulicheka neno hilo, wala leo hatulicheki. Mpenzi wa timu halipwi kitu. Hutoa muda wake, sauti yake, na pengine usingizi wake. Anachokipata ni imani kwamba kuna kitu kimoja katika maisha yake kisichouzwa. Aonapo uso wa mchezaji wake juu ya bidhaa, huhisi kwamba mapenzi yake mwenyewe yametiwa katika mzani na kupangiwa bei, naye hakuulizwa.

Uchungu huo haukuzaliwa Kabonga, wala hautafia hapa. Mwaka 1996 Gareth Southgate wa Uingereza alikosa penalti dhidi ya Ujerumani katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya, na taifa zima likainamisha kichwa. Haukupita muda akaonekana katika tangazo la mikahawa ya Pizza Hut, amejifunika mfuko wa karatasi kichwani kwa aibu, pamoja na Stuart Pearce na Chris Waddle waliokosa penalti zao mwaka 1990. Kila mpenzi wa mpira aweza kukisia mabishano yanayozaliwa na tangazo la namna hiyo. Yuko atakayesema ni uungwana wa mtu anayeweza kujicheka, na yuko atakayeuliza: machozi yetu yamegeuka lini kuwa kitoweo cha kuuzia chakula? Sisi tuliposimuliwa habari hizo tulicheka, kwa kuwa machozi hayakuwa yetu.

Yetu yalikuja siku ya fainali ya mashindano yetu. Tulikuwa sare ya bao moja kwa moja, na dakika zilikuwa zimekaribia kwisha. Ukapigwa mpira wa mbali, mpira mwepesi, wa kudakwa hata na mtoto. Mlinda mlango wetu aliupokea kifuani, ukamponyoka, ukapita kati ya miguu yake, ukavuka mstari. Upande wa wapinzani uliripuka kwa kelele moja: “Mkate! Mkate!” Walisema mikono yake imepakwa siagi. Hayo ni maneno ya wapinzani, na wapinzani hawana kazi nyingine. Lakini upande wetu nao ulisikika. Tulisema ameuza mchezo kwa mkate. Tulisema ameshiba, na mtu aliyeshiba hana haja ya kuruka.

Jioni ile ukuta wa kibanda ulitupiwa matope mpaka uso wa kijana haukuonekana tena. Tungependa kuandika kwamba ilikuwa kazi ya watoto watukutu. Sivyo. Baadhi yetu, watu wazima wenye kushika chaki, walikuwapo. Wengine walitupa, na waliosalia walisimama pembeni wakatazama, jambo ambalo ni karibu sawa na kutupa. Asubuhi yake mwoka mikate aliupaka ukuta chokaa. Hakutulaumu, wala hakudai jezi zake. Mlinda mlango hakuonekana tena uwanjani. Mwezi ulipofifia alirudi ziwani pamoja na wenzake, na sisi tukatafuta mwingine.

Baada ya majuma kadhaa ndipo tulipopata kujua, tena kwa kinywa cha mwoka mikate, malipo yalikuwa nini. Hayakuwa fedha. Yalikuwa mikate miwili kila siku katika juma la mbalamwezi, ili kijana na wadogo zake wawili wasilale njaa wakati mitumbwi imepumzika. Siku ile ya fainali, alisema, kijana hakuja kuchukua fungu lake asubuhi, kwa sababu aliona haya kupita mbele ya watu. Alicheza bila kula. Yule tuliyemtukana kwa shibe alikuwa na njaa.

Tuliazimia kwenda kumwomba radhi. Lakini azimio la wengi halina miguu. Kila mmoja alimngoja mwenzake, mwezi ukajaa na kufifia mara kadhaa, na mwaka 2015 ukaingia.

Mambo ya mwaka huo yanajulikana, wala si shabaha ya makala haya kuyaeleza. Kutokana na machafuko yaliyotokea nchini, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka, na wengi wao walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho jirani yetu, katika ufuko mwembamba uliobanwa kati ya milima na maji. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, ndiyo iliyokuwa ikiwachukua watu kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko kambini Nyarugusu. Mmoja wetu alikuwa miongoni mwa waliongoja katika ufuko huo, na siku ya tatu, katika mstari wa kungojea chakula, alisikia nyuma yake sauti ikisema, “Shikamoo, mwalimu.”

Alikuwa yeye, amewashika mikono wadogo zake. Mwenzetu alimwitikia, kisha pale pale, katikati ya watu, akamwomba radhi kwa niaba yetu sote: kwa matusi, kwa matope, na kwa kutojua kwamba alikuwa na njaa. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu maneno ambayo mwenzetu alituletea aliporudi, nasi tunayaandika kama alivyotuletea:

“Bao nilifungwa kweli, mwalimu, na mkate tuliula kweli. Hayo hayakuniuma sana. Lililoniuma ni ile picha. Mama yangu, kabla hajafariki, alikuwa akipita pale kila asubuhi kwenda sokoni, anasimama kidogo anaitazama. Sina picha yangu nyingine.”

Tangu siku hiyo tumelazimika kuyafikiri upya yote tuliyodhani tumekwisha kuyafahamu. Kwanza tulimhukumu kwa tamaa. Tulipojua habari ya mikate miwili, tukamhurumia kwa njaa, na huruma hiyo ikatufanya tujione watu wema. Kumbe hukumu na huruma zote mbili zilimpita kando. Kijana yule alikuwa na haja ya mkate, ndiyo. Lakini pia alikuwa na fahari. Kulikuwa na ukuta mmoja duniani wenye sura yake, na mama yake aliutazama. Sisi tuliona biashara. Yeye aliona jina lake.

Msomaji asidhani kwamba tunataka kila tangazo lipigiwe makofi. La hasha. Mwezi Juni 2021, katika mashindano ya Ulaya, Cristiano Ronaldo aliziondoa chupa mbili za Coca-Cola zilizowekwa mbele yake na kuinua chupa ya maji. Siku iliyofuata Paul Pogba, ambaye ni Mwislamu, aliiondoa mbele yake chupa ya Heineken, kampuni ambayo ndiyo yenye hisa nyingi katika Brarudi yetu. Katika mji kama Rumonge, wenye Waislamu wengi na misikiti ya siku nyingi, tendo la pili lilieleweka bila mkalimani. Mchezaji anayo haki ya kukataa kuwa kibao cha kitu asichokila wala asichokinywa. Nasi walimu tunayo haki ya kusema kwamba si vyema watoto wafundishwe, kwa sura ya mtu wanayempenda, kuacha muhogo na ndagala wa mama zao wakakimbilia sukari iliyotiwa rangi.

Kwa hiyo tumejiwekea vipimo viwili, nasi tunawapa wenzetu wavitumie au wavikatae. Mchezaji akitokea katika tangazo la chakula, tunauliza kwanza: je, yeye mwenyewe hukila? Pili: je, sisi tungempa mtoto wetu? Mkate wa jirani yetu ulishinda vipimo vyote viwili. Tulikuwa tukiununua wenyewe kila asubuhi, na tulikuwa tungali na makombo yake midomoni tulipokuwa tukimtukana aliyeutangaza.

Lakini kuna swali la tatu linalopasa kutangulia mawili hayo, nalo haliwahusu wachezaji bali linatuhusu sisi. Mwaka 2020 Marcus Rashford, mchezaji wa Manchester United, aliitaka serikali ya Uingereza iendelee kuwalisha watoto maskini wakati wa likizo, akieleza kwamba yeye mwenyewe alikulia katika njaa. Serikali ilibadili uamuzi wake, na watoto wapatao 1,300,000 wakahusika. Wapenzi wa timu zote, hata wapinzani, walimsifu. Tuliposoma habari hizo tulijiuliza: huyu alipokuwa mtoto akifukuza mpira na tumbo tupu, ni nani kati ya waliosimama pembeni kumshangilia aliyemwuliza amekula nini? Hilo ndilo swali la tatu. Kabla ya kuuliza mchezaji anatangaza chakula cha nani, tuulize amekula chakula cha nani, na kwa nini hakikuwa chetu.

Timu yetu ilipokusanyika tena, miaka kadhaa baada ya yale machafuko, tulianzisha desturi ndogo. Juma la mbalamwezi likifika, kila mpenzi wa timu huleta alicho nacho: kibaba cha unga wa muhogo, ndagala wakavu, kikombe cha mawese. Chakula hupikwa katika sufuria moja, na wachezaji hula kabla ya mazoezi. Si jambo kubwa, na kuna majuma ambayo sufuria haijai. Lakini tangu tulipoanza, kelele zetu uwanjani zimepungua ukali. Ni vigumu kumtukana mtu ambaye umempakulia.

Ukuta wa kibanda haupo tena. Maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya karibuni yaliimega sehemu ile ya ufuko, kama yalivyozimega nyumba nyingi za mwambao huu, na mwoka mikate amehamia juu zaidi. Mwaka jana alitujia tena kuomba mchezaji wa kuchorwa kwenye kibanda chake kipya. Tulimwambia kwamba mlinda mlango wake wa zamani hajarudi, na hatujui kama atarudi. Akafikiri kidogo, akauliza kama kati yetu yuko anayeikumbuka vizuri sura yake, ili amweleze mchoraji.

Tulimweleza sote kwa pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Juu ya masikio hatukuelewana. Picha iko pale sasa, kando ya njia iendayo sokoni, na watoto wanachelewa tena shule kwa kuitazama. Hatujamwadhibu hata mmoja.